Kuchipuka Upya: Kinachobaki na Kinachorudi

Hotuba hii ilitolewa Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mbele ya walimu, wanafunzi na wakulima wa vijiji vya pembezoni mwa jiji. Imeandikwa hapa pamoja na jibu la swali moja lililoulizwa mwishoni.

Wazee wetu, baba na mama zetu, walimu wenzangu, nanyi vijana mliokuja moja kwa moja kutoka darasani, nawasalimu nyote kwa heshima.

Jambo nililoombwa kulizungumzia linatajwa katika jiji letu na watu ambao kazi zao hazifanani hata kidogo. Mhubiri analitaja, daktari analitaja, na fundi wa kiwanda cha shaba vilevile. Dereva wa kamioni husoma jina lake kwenye taa inayowaka mbele ya usukani, na mwanasiasa hulikumbuka kura zinapokaribia. Kwa Kifaransa wote husema régénération. Kwa Kiswahili tumezoea kumpa kila mmoja kauli yake: msitu unachipuka, kidonda kinaponyoka, mtu anazaliwa mara ya pili, asidi inarudishwa, nchi inahuishwa. Sikuja kuwasomea kamusi. Nimekuja na hoja moja, nayo ni kwamba popote panapotokea kuchipuka upya kwa kweli, pana kitu kilichobaki ambacho ndani yake mna uwezo wa kukirudisha kile kilichokatwa. Kisipokuwepo kitu hicho, kinachokuja ni mbadala, au ni kovu, au ni maneno matupu. Mbadala si kitu kibaya, na kovu limeokoa maisha ya wengi; ila gharama zake ni nyingine, na mara nyingi anayelipa ni mwingine, kwa hiyo inatupasa kujua ni kipi kati ya hivyo tunachoahidiwa.

Nianze na msitu, kwa sababu wengi wenu mmetoka huko asubuhi ya leo, kwenye barabara ya Kasenga, ya Kipushi au ya Likasi, na mnayajua haya kwa mikono kuliko mimi ninavyoyajua kwa vitabu. Msitu wetu ni miombo: miti ya muputu, mutondo na mutobo ndiyo mingi, pamoja na mubanga, mulombwa na mupundu kati yake. Jiji hili hupika kwa makala, na makala hutoka katika miti hiyo. Anayepita kwenye shamba lililokatwa mwaka uliopita huona vichaka vyenye majani mekundu na akadhani ni magugu. Akiinama na kutazama chini atakuta kwamba kila kichaka kimetoka katika kisiki, au katika mzizi unaotambaa chini ya udongo hatua kadhaa kutoka kwenye kisiki. Mti haukufa, kilichoondolewa ni sehemu ya juu tu, na mizizi iliyojengwa kwa miaka mingi ingali na akiba ya chakula na njia za kuyafikia maji ambazo mche uliotoka katika mbegu hauna.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu miti mikuu ya miombo haitegemei sana mbegu. Maganda ya muputu na mutondo hupasuka kwa kishindo wakati wa joto na kuzirusha mbegu mita chache tu kutoka kwa mama yao. Mbegu hizo huota mvua zinapoanza, au huoza, wala hazikai udongoni miaka zikingoja nafasi kama zinavyofanya mbegu za magugu. Mche unaofanikiwa kuota hukauka juu karibu kila kiangazi na kuchipuka tena mvua zikirudi, ukijenga mzizi kwanza kwa miaka kadhaa kabla ya kuthubutu kuwa mti. Kwa hiyo anayeng'oa visiki kwa trekta, hata akiacha shamba liwe safi la kupendeza macho, amefanya jambo ambalo mkata makala mwenye shoka hakulifanya. Mkata makala amechukua mti, ilhali mwenye trekta amechukua pia uwezo wa mti kurudi. Sisemi hivyo ili kumtakasa mkata makala, kwa kuwa pale alipojenga tanuri lake la udongo moto umeiua mizizi na kila kilichomo chini yake, na doa hilo hukaa muda mrefu bila mti. Lakini doa la tanuri ni dogo likilinganishwa na eneo lililokatwa.

Wazee wa Kibemba walilijua hili kabla ya mtaalamu yeyote. Katika kilimo chao cha citemene mkulima hakukata shina. Alipanda juu ya mti akapogoa matawi, akayakusanya katikati ya shamba na kuyachoma, kisha akapanda ulezi katika majivu. Wakoloni waliita kilimo hicho uharibifu. Kilihitaji ardhi kubwa, na watu walipoongezeka muda wa kuiacha ardhi ipumzike ukawa mfupi mno, hilo ni kweli. Lakini mashina yaliachwa yakiwa hai kwa makusudi, nayo yalirudisha matawi. Kupogoa vile hakukuwa uvivu wa kukata mti mzima, kama walivyoandika baadhi yao, bali lilikuwa tendo la mtu aliyejua kwamba atarudi mahali pale, au kwamba mwanawe atarudi.

Ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, karibu na Ndola nchini Zambia, kuna majaribio yaliyoanzishwa mwaka 1933 na mwanaikolojia Trapnell ambayo kila mwalimu wa biolojia wa Katanga angepaswa kuyafundisha. Vipande vya miombo vilitengwa: vingine vikachomwa kila mwaka mwanzoni mwa kiangazi, majani yakiwa bado na unyevu; vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu; na vingine vikalindwa dhidi ya moto kabisa. Baada ya miongo kadhaa, vile vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilikuwa vimegeuka nyasi zenye miti michache sugu. Vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa msitu, na vilivyolindwa vilisonga hadi vikawa kichaka kizito. Moto wa mwezi wa tano na moto wa mwezi wa kumi si moto mmoja. Chipukizi la urefu wa mtoto huukuta moto wa mwezi wa kumi likiwa limeanza kufungua majani mapya kwa akiba yake ya mwisho, na likiunguzwa namna hiyo mwaka baada ya mwaka, kisiki huchoka. Kwa hiyo kubaki peke yake hakutoshi. Kinachobaki kinaweza kuuawa taratibu bila mtu kukigusa kwa shoka.

Chini ya ardhi kuna kingine kinachobaki, nacho mama zetu hukiuza kandokando ya barabara mvua zinapoanza: uyoga. Uyoga mwingi wa miombo si mmea wa kujitegemea, bali ni tunda la nyuzi za kuvu zilizoungana na mizizi ya muputu na jamaa zake. Kuvu huupa mti maji na madini ya udongoni, na mti huipa kuvu sukari. Visiki vikifa, kuvu hizo nazo hufa, na anayepanda miti mahali hapo baadaye huanza bila msaidizi huyo.

Nchini Niger, katika eneo la Maradi, Mwaustralia mmoja aitwaye Tony Rinaudo alikuwa amehangaika kupanda miche ambayo mingi ilikufa kwa ukame. Mwaka 1983 alitambua kwamba vichaka vilivyotapakaa mashambani vilikuwa machipukizi ya visiki vya miti iliyokatwa zamani, ambayo wakulima waliifyeka kila msimu. Njia aliyoieneza haikuhitaji kitalu wala lori: mkulima huchagua vichipukizi vichache vilivyonyooka katika kila kisiki, huondoa vingine, na kuvilinda alivyovichagua dhidi ya moto na mifugo. Miti ilirudi katika karibu hekta milioni 5 za nchi hiyo. Mtaniwia radhi kwa kulisema hili waziwazi, lakini fedha nyingi zilizotumika kununua mifuko ya plastiki ya miche duniani zingeleta matunda zaidi kama zingelipa walinzi wa visiki. Mche hupigwa picha vizuri akiwapo mgeni rasmi, ilhali kisiki hakina sherehe.

Sasa tutoke msituni tuingie mwilini. Katika mwaka 1740, mwalimu wa nyumbani aitwaye Abraham Trembley, aliyekuwa akifundisha watoto wa tajiri mmoja karibu na mji wa The Hague nchini Uholanzi, alimchukua mdudu mdogo wa majini tunayemwita sasa haidra na kumkata vipande viwili ili ajue kama ni mnyama au mmea. Kila kipande kikawa haidra mzima. Aliyachapisha matokeo yake mwaka 1744, nayo yalisumbua wanafalsafa na wanateolojia wa Ulaya kwa muda mrefu, maana waliulizana roho ya mnyama huyo imekaa kipande gani.

Sisi si haidra. Hata mjusi wa ukutani, ambaye watoto wetu humwona akiukata mkia na kuutelekeza ukirukaruka sakafuni, harudishi mkia uleule: mkia mpya hauna pingili za mfupa, una bomba la gegedu tu ndani yake, na hauwezi kukatikia tena katika sehemu ile iliyoota. Ukiutazama kwa nje ni mkia, nao humsaidia mjusi kuishi, lakini si ule uliopotea. Nawaomba mkumbuke mkia huo nitakapofika kwenye migodi.

Kiungo cha mwanadamu kinachosifiwa zaidi kwa kujirudisha ni ini. Panya wa maabara akiondolewa theluthi mbili za ini lake, uzito wa ini hurudi katika muda wa wiki moja au kidogo zaidi, na mwanadamu anayemgawia ndugu yake sehemu ya ini hurudiwa na ujazo wake baada ya wiki na miezi kadhaa. Lakini daktari atawaeleza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba sehemu iliyokatwa haioti tena pale ilipokuwa. Kinachotokea ni kwamba sehemu iliyobaki hunenepa mpaka iweze kufanya kazi ya ini zima. Tena ini hilohilo lina mpaka wake. Likichomwa kila siku kwa lutuku, pombe kali ya kienyeji, au likishambuliwa miaka mingi na virusi vya homa ya ini, seli zake huendelea kujaribu kujigawa, huku nyuzi za kovu zikizidi kujijenga kati yake na kuzifungia njia za damu. Mgonjwa huwa na ini lililojaa vinundu vya seli zilizojitahidi kurudi, ambavyo havina tena mpangilio wa kuziwezesha kufanya kazi.

Kovu basi ni nini? Ni jibu la haraka la mwili unaotaka kufunga mlango kabla damu haijaisha na kabla vijidudu havijaingia. Ngozi ya kovu haina vinyweleo wala vitundu vya jasho. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi nchini Kenya walitangaza kwamba panya wa porini wenye manyoya ya miiba, ambao ngozi yao huchanika kwa urahisi wanaposhikwa na adui, huirudisha ngozi hiyo pamoja na nywele na tezi zake, na hata tundu lililotobolewa sikioni hujaa tena gegedu. Huyo ni mnyonyeshaji kama sisi, na ndiyo maana habari yake ilipokewa kwa hamu. Kwetu sisi uwezo wa namna hiyo umebaki mahali pachache, kama vile ncha ya kidole cha mtoto mdogo, ambayo ikikatika huweza kurudi na kucha yake, mradi kitanda cha kucha kimesalia. Sharti ni lilelile: kitanda cha kucha kikiondoka, ncha hairudi.

Kiwandani sitakaa muda mrefu, ingawa wapo hapa baba zetu waliozeeka katika elektrolisi ya Shituru, Likasi, ambako shaba imezalishwa kwa umeme tangu 1929, nao wangeweza kunisahihisha. Asidi ya salfa huyeyusha shaba iliyomo katika mawe, kisha umeme huitoa shaba hiyo na kuipandisha kwenye bamba. Wakati huohuo, kwenye bamba la upande wa pili, maji huvunjika na asidi hurudi. Kwa kila kilo moja ya shaba iliyopatikana hurudi takriban kilo moja na nusu ya asidi, ambayo hupelekwa kuyeyusha mawe mengine. Ingekuwa hesabu kamili kiwanda kisingenunua asidi tena. Lakini mawe yetu mengi yana dolomiti, madini ya jamii ya chokaa, nayo huimeza asidi bila kutoa shaba, hivyo kila mzunguko hupoteza kitu. Kamioni za kisasa nazo zina chujio la moshi linalojisafisha kwa joto la nyuzi mia sita hivi: masizi huungua, lakini majivu hubaki, na siku moja chujio hujaa majivu hayo hata taa ya dereva isiwe na maana tena. Fundi haoni aibu kutaja hasara ya kila mzunguko, na laiti wengine wanaotumia neno hili wangekuwa na unyofu huo.

Kanisani maana yake ni nyingine, na sitaingia katika mabishano ya madhehebu, yaliyo mengi katika mitaa yetu. Mtume Paulo, katika waraka kwa Tito, anazungumzia kuoshwa kwa kuzaliwa kwa pili, na Nikodemo, mzee msomi, aliuliza kwa mshangao jinsi mtu mzima anavyoweza kurudi tumboni mwa mamaye. Hapa hoja yangu inapata mtihani, kwa kuwa mafundisho mengi ya Kikristo yanasema kwamba uwezo huo hautoki ndani ya mtu, bali unatoka juu. Hata hivyo, anayezaliwa mara ya pili ni Petro yuleyule, na Maria yuleyule. Madeni yake hayafutiki dukani, wala watoto wake hawakomi kumwita baba au mama. Kitabu cha Ayubu kinaulinganisha mti ambao ukikatwa una tumaini la kuchipuka na mtu ambaye akilala chini haamki, na kwa maoni yangu mwandishi wake alikuwa ameishi karibu na visiki.

Ninachotaka kukizungumzia kwa kirefu kidogo ni matumizi ya kisiasa, kwa sababu katika historia ya nchi yetu neno hili liliwahi kutumiwa kama silaha. Tangu 1885 hadi 1908, nchi hii ilipokuwa mali ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji, maandishi ya mfalme na ya watetezi wake yalieleza kwamba kazi ya dola ile ilikuwa kuwafanya upya Waafrika kimaadili na kimaisha. Nyuma ya kauli hiyo kulikuwa na dai moja: kwamba hapa hapakubaki kitu cha thamani, kwamba watu walikuwa wameharibika kiasi kwamba uhai ungeweza kuja kutoka nje tu. Ukikubali kwamba hakuna kisiki, umempa mgeni ruhusa ya kulima kila kitu kwa trekta. Mpira ulikusanywa kwa mjeledi chini ya maneno hayo.

Mwaka 1906, dola ile ikiwa bado hai, kijana mmoja kutoka Natal, katika Afrika Kusini ya leo, Pixley ka Isaka Seme, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alisimama tarehe 5 Aprili katika shindano la uhotubi na kuzungumzia kufanywa upya kwa Afrika. Alishinda. Alitumia neno lilelile la Leopold, lakini akaligeuza: alianza kwa kutangaza kwamba yeye ni Mwafrika na anaona fahari juu ya watu wake, akataja piramidi na kazi za kale za bara hili, akadai kwamba kile kitakachochipuka kitatoka katika kile kilichopo. Miaka sita baadaye alikuwa mmoja wa walioitisha mkutano wa Bloemfontein ulioanzisha chama ambacho leo kinaitwa ANC. Oktoba ya mwaka huohuo wa 1906 ndipo ilipoundwa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, ambayo tanuri lake lilianza kumimina shaba hapa mwaka 1911, na jiji letu likakua kando yake.

Nimefika kwenye migodi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilizalisha takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka; mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya tani 30,000. Leo nchi nzima inazalisha zaidi ya tani milioni 2, na tunaambiwa kwamba sekta ya madini imezaliwa upya. Nauliza kwa adabu: imezaliwa kutoka katika nini? Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na methali hiyo inachukulia kwamba mhunzi bado yupo. Katika miaka ya 2003 na 2004, kwa mpango uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa kampuni ile waliondoka kwa mkupuo. Wengi wao walikuwa mafundi wa miaka ishirini na thelathini, watu waliokuwa wakijua kwa kusikiliza tu kwamba pampu fulani inakaribia kuharibika. Baadhi walienda kulima, baadhi walifungua vibanda, na watoto wao baadhi wakashika sululu wakawa wachimbaji wadogo. Mitambo mipya ilikuja na mafundi wake. Tani zimerudi, tena kwa wingi. Ila shule, hospitali na mgao wa unga vilivyoshikamana na ajira ile havikurudi pamoja nazo. Huo ni mkia wa mjusi ninaouzungumzia. Sisemi kwamba ule wa zamani ulikuwa wa haki, maana mfumo wa kambi za wafanyakazi ulikuwa na ukali wake ambao wazee wetu hawajausahau. Nasema tu kwamba hesabu ya tani haiwezi kujibu swali la kama kitu kilichokatwa kimechipuka.

Vilima vya shaba vinatuonyesha jambo hilohilo kwa mimea. Kabla ya mashine kuja, vilima hivyo vilitambulika kwa mbali kwa kukosa miti, kwa sababu shaba iliyomo katika udongo wake ni sumu kwa mingi. Juu yake huota mimea iliyozoea sumu hiyo kwa vizazi vingi, na baadhi yake haipatikani mahali pengine popote duniani. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, ambao wengi huuita ua la shaba, hupenda hata mabaki ya uyeyushaji wa kale, kiasi kwamba wanaakiolojia wameutumia kutambua mahali palipokuwa na tanuri za mababu zetu. Kilima kama hicho kikichimbwa chote, mimea yake haina kilima kingine cha kukimbilia. Katika eneo la Tenke-Fungurume yamefanyika majaribio ya kuhamisha tabaka la juu la udongo pamoja na mabonge ya nyasi na kuyaweka mahali palipotayarishwa. Naona ni kazi ya akili, kwa sababu inahamisha kisiki badala ya kuanza na udongo mtupu.

Hapa mjini, katika mtaa wa Penga Penga, ambako moshi wa tanuri la zamani ulishuka kwa miongo mingi hadi ardhi ikabaki tupu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walijaribu kupanda nyasi za kienyeji zinazovumilia shaba, wakiongeza mboji na chokaa. Wanasayansi hao hawakudai kwamba miombo itarudi pale. Walisema wanataka kuizuia ardhi isipeperuke na kuingia katika nyumba na visima vya watu. Hilo ni kovu kwa maana ya heshima niliyoitaja: linafunga jeraha. Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mwenye kibali cha kuchimba awe na mpango wa kurekebisha mazingira na aweke dhamana ya fedha kwa ajili hiyo. Mwananchi anayesoma mpango kama huo, akikuta imeandikwa kwamba ardhi itahuishwa, ana haki ya kuuliza udongo wa juu umehifadhiwa wapi, kwa urefu gani wa rundo, na kwa muda gani, kwa maana udongo uliorundikwa juu sana kwa miaka mingi hupoteza uhai uliomo ndani yake, hata kama siku ya kuurudisha utatandazwa vizuri.

Baada ya hotuba, mama mmoja mkulima aliuliza kama basi ni makosa kupanda mikaratusi na akasia kwa ajili ya makala, maana shamba lake la familia halina tena mti wa maana na ana watoto wa kusomesha. Nilimjibu hivi: Mama, si makosa. Kwenye uwanda wa Bateke, karibu na Kinshasa, shamba la akasia la Mampu limekuwa likitoa makala kwa miaka mingi kwenye ardhi iliyokuwa nyasi, na mkaratusi nao huchipuka kutoka kisikini ukikatwa. Kabla hujanunua miche, tembea shambani mwezi huu mvua zikiwa zimeanza, uhesabu vichaka vyenye majani mekundu. Pale vilipo karibukaribu, usipande kitu. Chagua vichipukizi viwili au vitatu kwa kila kisiki, lima ukanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo hilo, na mwaka ujao mwezi wa tano choma mapema nyasi za nje ya ukanda pamoja na majirani zako, ili moto wa mwezi wa kumi usipate cha kula. Pale ambapo trekta ilishapita na hukuti chipukizi hata ukifukua, hapo ndipo pa kupanda akasia yako.